Kufuata Njia ya Hewa

Mashine ya CPAP, ile inayomsukumia mtu hewa puani akiwa usingizini, ikianza kunuka, mwenye mashine huwa wa mwisho kujua. Amelala na harufu hiyo kila usiku, pua imeizoea, na ukimuuliza atakuapia kwamba mashine yake haina neno. Anayejua ni mkewe, au mjukuu anayeingia asubuhi kumwamsha babu. Ndivyo ilivyokuwa kwa mzee mmoja wa Gwarama, mwalimu mstaafu, aliyeletewa mashine hiyo na mwanawe anayeishi ughaibuni. Ilikuwa imetumika miaka mingi huko ilikotoka, ikasafiri sandukuni imeviringishwa kwenye sweta, ikafika huku kwenye milima ya Buha. Daktari akaipangia msukumo wa hewa unaomfaa mzee, nayo ikafanya kazi yake: pumzi ikaacha kumkatika usingizini, akaacha kusinzia mchana katikati ya mazungumzo. Kilichobaki ni ule mnuko, ambao mama mwenye nyumba alishauvumilia hadi uvumilivu ukamwishia.

Fundi aliyeitwa alitoka Kibondo. Gwarama ni kata ya wilaya ya Kakonko, lakini Kakonko yenyewe ilimegwa kutoka Kibondo, na watu wa huku wakipata jambo gumu bado mawazo yao hukimbilia Kibondo kwanza. Ni fundi wa vifaa tiba, wale wanaosomea vyuo kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam au Chuo cha Ufundi Arusha, kisha wanapotelea wilayani ambako hakuna anayewajua mpaka mashine ya oksijeni izime usiku wa manane. Hii ya mzee aliifanyia kazi siku yake ya mapumziko. Nilikaa naye ukumbini tangu mwanzo, na nilichokuja kukiheshimu kwake ni namna alivyokuwa mgumu wa kuanza.

Alipewa kahawa akaisogeza kando. "Mama, hii naomba iningoje. Nikiinywa sasa nitanusa kahawa tu." Akanawa mikono kwa maji matupu, bila sabuni. Kisha, badala ya kufungua chochote, akaipindua mashine na kusoma kibandiko cha chini: jina la kampuni, toleo, namba, mwaka. Akaingia kwenye simu kuhakikisha. Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kurudisha mamilioni ya mashine za aina hii duniani kote, kwa sababu sponji iliyowekwa ndani kupunguza kelele ilikuwa ikichakaa, ikitoa chembe nyeusi na gesi ambazo mgonjwa angezivuta. Mashine ya namna hiyo haisafishwi. Ukiiosha ikanukia, umeifanya ya hatari zaidi, maana umeondoa onyo ukaacha ugonjwa. Mafundi wengi ninaowajua wangeshika bisibisi kwanza na kusoma baadaye, au wasisome kabisa. Ya mzee haikuwemo kwenye orodha. Hapo ndipo akaomba kitambaa cheupe, akakitandaza mezani, na kuanza kuitenganisha.

Alianza upande hewa inakoingilia, akifuata njia yake hadi kwenye barakoa. Huo ndio utaratibu wake wote, na hana mwingine. Hewa inaingia nyuma ya mashine, inapita kwenye filta, inavutwa na feni, inasukumwa juu ya maji ya vuguvugu tangini ili isikaushe koo, inashuka kwenye mpira mrefu wenye pete, inafika puani. Kila kituo kina harufu zake na kila harufu ina chanzo chake. Mtu asiyejua hunusa barakoa, kwa kuwa ndiyo inayomgusa usoni, akaisugua barakoa wiki nzima wakati uchafu umelala mita moja na nusu nyuma yake.

Filta ilikuwa na rangi ya udongo wa Buha. Wanaoijua barabara ya kutoka Nyakanazi kuja Kabingo na Kibondo kabla ya lami wataelewa bila kuelezwa. Lile vumbi jekundu lilikuwa likiingia hata kwenye kabati lililofungwa kwa ufunguo. Chini ya wekundu palikuwa na tabaka jembamba la kijivu. Fundi alikipitisha kile kipande puani, akageuza uso akanusa mkono wa shati lake, akakinusa tena. Huo mkono wa shati nilikuja kuuelewa baadaye: pua ikirudiarudia harufu moja inachoka, na harufu ya nguo yako mwenyewe, uliyoizoea, huipumzisha. "Moshi wa kuni," akasema. "Jiko liko upande gani?" Lilikuwa nyuma ya ukuta wa chumba cha kulala, na mashine ilikuwa imewekwa chini ya dirisha linalotazama jikoni. Filta ile nyembamba haioshwi; ikiloa nyuzi zake hushikana, hewa ikakosa njia na mota ikahangaika. Aliitupa, akaweka mpya, akahamishia meza ya mashine ukuta wa pili. Nusu ya kazi ya siku ile ilikuwa kuhamisha meza, na hakuna aliyemshangilia kwa hilo.

Mpira ndio uliokuwa na uvundo wenyewe. Alifanya kitu ambacho sikukitegemea: hakuunusa ulivyo. Aliulaza juani kwenye beseni tupu kwa muda mfupi, akaziba mwisho mmoja kwa kiganja, akasubiri, kisha akaupeleka mwisho wa pili puani taratibu. Kitu cha baridi huficha harufu, na joto huitoa nje. Safari hii hata mimi niliyekaa pembeni niliipata, harufu kama ya muhogo uliovundikwa mtungini ukasahaulika. Sababu yake ni baridi ya milima yetu. Usiku wa Juni na Julai chumba kinapoa, hewa ya vuguvugu yenye unyevu inatoka tangini, inakutana na mpira wa baridi na kugeuka matone. Matone yanakusanyika pale mpira unapoinama, asubuhi hakuna anayeumwaga, na ndani ya zile pete unaota utando wa utelezi usioonekana kwa macho. Kitambaa hakifiki humo. Burashi ya kusukuma kwa nguvu inaweza kuichana plastiki, na kila mkwaruzo unakuwa makazi mapya ya vijidudu.

Kwa hiyo alitumia maji yenyewe kuwa burashi. Maji ya vuguvugu, ya kiasi ambacho mkono unavumilia bila kushtuka, na matone mawili ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Mama alitaka kuleta kipande cha sabuni ya mawese, ile ya Kigoma inayong'arisha sufuria. Akaikataa kwa adabu, kwamba ni kali na mabaki yake hayatoki upesi. Alijaza mpira hadi nusu, akashika ncha zote mbili zikiwa juu, akawa anapandisha mkono mmoja huku akishusha mwingine. Maji yakakimbia huku na huku yakigonga pete moja baada ya nyingine. Alikuwa akisikiliza. Mwanzoni sauti ilikuwa nzito, ya maji yanayokwama. Baada ya kubadilisha maji mara kadhaa ikawa kali na ya haraka. Yaliyomwagika kwanza yalikuwa na mawingu ya kahawia, na ndani yake vipande vidogo vya ule utando vikielea. Mama alivitazama, akamtazama mumewe, akanyamaza. Mwalimu naye akapata jambo la kutazama dirishani.

Baada ya sabuni ikaja siki: sehemu moja ya siki ya dukani kwa sehemu tatu za maji, nusu saa. Siki inayeyusha ile chumvichumvi nyeupe inayoganda kwenye tangi, na uchachu wake hauvipendezi vingi vya vile vijidudu vinavyounda uvundo. Niliuliza kama ndimu haifai, maana siki haipatikani kila duka la kijijini. Akasema ndimu ina sukari na mafuta ya ganda, utaondoa harufu moja ukaacha chakula cha harufu nyingine. Kisha suuza, suuza tena, na kuanika: kivulini, mpira umepitishwa katikati ya kamba ili ncha zote mbili ziangalie chini. Jua kali la mchana hukomaza plastiki na kuipasua. Mwisho aliunga mpira kwenye mashine na kuiacha ipulize hewa kavu mpaka ndani pasibaki hata ukungu wa maji.

Nilidhani angetumia Jiki. Hospitalini ndiyo kawaida: Jiki ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, unapata dawa ya asilimia 0.5, vifaa vinaloweka dakika 10 kabla ya kuoshwa. Fundi huyu anaujua mchanganyiko huo kwa moyo kwa sababu ya watoto njiti. Mashine zao za CPAP ni jamaa wa karibu wa hii ya mzee, ila badala ya kompyuta zina chupa ya maji: mwisho wa mpira unazamishwa, na kina cha maji ndicho msukumo. Sentimita tano za kina, msukumo wa tano, na mapovu yanakuonyesha kwamba hewa inapita. Tangu George Gregory na wenzake wa San Francisco walipochapisha mwaka 1971 kwamba msukumo usiokatika unawaokoa watoto ambao mapafu yao hayajakomaa, njia hiyo imefika hata kwenye wodi zisizo na vifaa vingi. Huko mpira mmoja unaweza kutoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine, kwa hiyo adui ni maambukizi, na Jiki ina haki yake. Nyumbani mashine ni ya mtu mmoja. Mabaki ya Jiki yakibaki kwenye plastiki, mzee atayavuta saa saba mfululizo, yakiwa yamepashwa joto. Kujua dawa kali na kuiacha kabatini ni sehemu ya ufundi ambayo haionekani kwa anayelipa.

Kwenye barakoa kulikuwa na jasho na mafuta ya ngozi, harufu ya binadamu. Hiyo hutoka kwa sabuni ileile kila asubuhi. Alipokuwa akiiosha alinihadithia kuhusu Colin Sullivan, daktari wa Sydney aliyetengeneza mashine ya kwanza ya aina hii mwaka 1980 kwa kutumia mota ya mashine ya kufyonzea vumbi, na kuandika habari zake katika jarida la The Lancet mwaka uliofuata. Barakoa za kwanza zilitengenezwa kwa kufuata sura ya mgonjwa mmoja mmoja na kugandishwa usoni kwa gundi kila usiku. Fundi alilicheka hilo kwa raha, akiugeuza mto laini wa silikoni kwenye vidole vyake. "Hebu fikiria harufu ya gundi, jasho na mota, vyote kwa pamoja."

Halafu akarudi kwenye tangi, alilolibakiza mwisho, na kazi ikasimama.

Kumbe mzee alikuwa ameona mashine inanuka, ingawa hakukiri. Alijitibia mwenyewe. Kwa muda alikuwa akichemsha majani ya mkaratusi, anachuja, anamimina tangini. Ukweli ni kwamba nyumba ilinukia vizuri kwa siku kadhaa, na kifua kilifunguka. Tangi lilikuwa na utepe wa rangi ya chai kwenye usawa wa maji, na lilipopashwa moto kidogo harufu ya mkaratusi ilijaa ukumbini kana kwamba tuko msituni.

Hapo ndipo nilipoona tofauti ya fundi huyu na msafishaji wa kawaida. Uvundo wa mpira alikuwa ameumaliza bila hofu. Hii harufu nzuri ilimfanya akae chini. Uvundo, alieleza, unatoka kwa kitu kinachoishi juu ya plastiki: kiue, kisuuze, kikaushe, kimekwisha. Harufu ya mkaratusi ni mafuta, na mafuta hayakai juu. Yanaingia ndani ya silikoni na plastiki laini, kisha yanatoka kidogo kidogo kila yakipata joto. Siki haiyagusi. Sabuni inachukua yaliyo juu tu. Na mapafu hayakuumbwa kuvuta mvuke wa mafuta usiku kucha, hata kama kijiko kimoja kwenye bakuli la kujifukiza hakina ubaya. Wanaouza matone ya manukato kwa ajili ya mashine hizi, alisema, wanauza tatizo lililofungwa kwenye chupa nzuri.

Alilisafisha tangi kwa sabuni, akalijaza maji ya moto kiasi, akayaacha yapoe, akayamwaga, akanusa. Akarudia. Kila duru alikuwa akisubiri maji yapoe kabisa bila kuharakisha, na katika kusubiri huko ndipo hatimaye alipokunywa kahawa yake, ikiwa baridi. Ilipofika jioni harufu ilikuwa imepungua lakini haikuisha, na hakujidanganya. Plastiki ngumu ya tangi ingeachia baada ya siku nyingi za joto na upepo. Ule mpira wa silikoni unaoziba kifuniko, na mto wa barakoa, hapana. Aliviweka pembeni, akapiga picha namba zake, akamtumia mwana wa ughaibuni kwa simu ya baba yake. Vipande viwili vidogo, vinavyouzwa peke yake. Fundi anayetaka sifa angesema amemaliza.

Kuna sehemu moja hakuigusa kabisa: ndani, kwenye feni na sponji ya kutuliza kelele. Moshi wa kuni ulikuwa umefika huko, hilo alilisema waziwazi. Lakini hakuna maji yanayoingia humo, wala spiriti, wala dawa ya kupuliza. Aliiwasha mashine bila tangi, filta mpya ikiwa nyuma, mpira ukiwa umetupwa nje ya dirisha la upande wa pili wa jiko, akaagiza ipulize hivyo mchana kutwa kwa siku zitakazofuata, hewa safi ikiifukuza iliyolala. Nilimuuliza kuhusu vile visanduku vya ozoni vinavyotangazwa kwamba vinaua kila harufu kwa kubonyeza kitufe. Februari 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya watumiaji kwamba vifaa hivyo havikuwa vimeidhinishwa kusafishia CPAP, na Philips walipotangaza lile la sponji walisema ozoni inaweza kuharakisha kuoza kwake. Fundi hakuwa na haja ya kunihubiria. "Ozoni nayo ina harufu yake," alisema. "Nikiisikia kwenye mashine najua kuna kazi mpya."

Kilichofuata ni mazungumzo ya maji, marefu kuliko kazi yenyewe. Tangi linataka maji yaliyotolewa chumvi. Madukani watu huelekezwa kununua maji ya betri, na hapo alikuwa mkali kwa mara ya kwanza: gereji nyingi huweka maji ya betri na asidi ya betri kwenye chupa zinazofanana, rafu moja, mikono ileile. Kwa Gwarama alishauri maji yaliyochemshwa, yakatulia na kupoa, yabadilishwe kila jioni, yanayobaki asubuhi yamwagwe hata kama ni mengi, tangi liachwe wazi likauke. Ukoko mweupe ukianza kuonekana, siki ileile, sehemu moja kwa tatu, mara moja kwa wiki. Mashine iwekwe chini kuliko kitanda ili matone yakijikusanya yarudi tangini yenyewe, na mpira uvishwe soksi ya kitambaa majira ya baridi. Mama alikuwa akisikiliza kwa makini kuliko mgonjwa.

"Na umeme ukikatika?" Mwalimu akauliza. "Maji yakipoa humo ndani usiku?"

"Ukikatika vua barakoa, Mwalimu, usilale nayo. Asubuhi mwaga. Hakuna lingine."

"Na majani yangu?"

"Majani yachemshe. Jifunike shuka, jifukize kwenye bakuli kama zamani. Mashine iache inywe maji matupu."

Malipo yalibishaniwa kidogo, kwa heshima, kwa sababu mzee aliona kwamba mtu aliyetumia siki, matone ya sabuni na maji ya kisimani hawezi kudai kama aliyebadilisha mota. Mama ndiye aliyelipa. Fundi alikata kipande cha plasta, akakibandika ubavuni mwa mashine na kuandika kwa kalamu ya wino tarehe ya filta mpya, na chini yake maneno mawili kwamba ibadilishwe mwezi ujao. Mwalimu akavaa miwani, akasoma, akaomba kalamu. Fundi alikuwa ameandika "badirisha". Mzee aliifanya ile r kuwa l, akapiga mstari chini yake, akamrudishia kalamu yake.